Sponji za Soli ya Kati kwenye Viatu vya Kukimbilia: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Soli ya kati ni sehemu gani ya kiatu?

Tazama raba ya kukimbilia kwa ubavu. Chini kabisa kuna mpira mwembamba unaogusa ardhi: hiyo ni soli ya nje. Juu yake kuna sponji nene, mara nyingi nyeupe au ya rangi kali, ambayo huwa nene zaidi kisiginoni na hupungua kuelekea vidoleni. Hiyo ndiyo soli ya kati, na ndiyo inayopokea kishindo karibu chote.

Ndani ya kiatu kuna kipande kingine chembamba unachoweza kukivuta kikatoka. Hicho ni kitandiko tu. Wanunuzi wengi huingiza kidole gumba ndani ya kiatu, wakabonyeza kitandiko cha milimita 4 au 5, wakasema kiatu ni laini. Walichopima si soli. Kitoe kitandiko kwanza, bonyeza sponji yenyewe kwa ubavu, kisha vaa kiatu usimame kwa mguu mmoja. Hapo uzito wako ndio utakaokupa jibu.

EVA, PU, TPU, PEBA: zinatofautianaje?

EVA ni plastiki ya ethilini na vinili asetati. Huchanganywa na dawa ya kuumulia, ikatiwa kwenye kalibu yenye joto, ikaumuka kama andazi. Imo kwenye viatu vya kukimbilia tangu miaka ya 1970 na bado ndiyo iliyoenea kuliko zote, kwa kuwa ni nyepesi, ni rahisi, na kiwanda kinaweza kuitengeneza ngumu au laini kitakavyo. Udhaifu wake ni kwamba vijipovu vyake hubanwa mara maelfu kwa maelfu hadi kuta zake zinachoka, na soli inalala kama godoro la zamani. Pia hushupaa kwenye baridi.

PU, yaani poliyurethani, ni nzito kuliko EVA lakini hustahimili kubanwa kwa muda mrefu. Adui yake ni unyevu. Maji ya hewani huvunjavunja minyororo ya kemikali yake polepole, hata kiatu kikiwa ndani ya boksi, na baada ya miaka kadhaa soli inamomonyoka kama keki kavu. Kwenye viatu vipya vya kukimbilia ni nadra sasa, ila kwenye mitumba utakutana nayo.

TPU ya kuumuliwa hutengenezwa kwa punje ndogo zilizovimbishwa kisha zikagandishwa pamoja kwa mvuke. Ukiitazama karibu utaziona punje zenyewe, kama bisi zilizoshikamana. Adidas na kampuni ya kemikali ya BASF ndio walioitangaza, kwa jina la Boost, mwaka 2013. Ni nzito, lakini hudumu sana na haibadiliki kirahisi kwa joto wala baridi.

PEBA ina minyororo yenye sehemu mbili zinazopokezana: moja ngumu ya jamii ya nailoni, nyingine laini inayovutika. Kampuni ya Ufaransa iitwayo Arkema huiuza kwa jina la Pebax. Ikiumuliwa vizuri huwa nyepesi mno, hubonyea sana, na hurudi upesi. Ndiyo iliyokuwa ndani ya Nike Vaporfly 4% ya mwaka 2017, kiatu kilichobadilisha mbio za barabarani.

Siku hizi ipo pia A-TPU, jamii ya TPU iliyo nyepesi zaidi, ambayo kampuni kama Puma na Asics zimeiweka kwenye viatu vyao vya mashindano.

Mbona dukani sioni majina hayo? Naona ZoomX, PWRRUN, Nitro.

Hayo ni majina ya biashara, na jina la biashara si jina la malighafi. Saucony ni mfano mzuri: PWRRUN ya kawaida ni ya jamii ya EVA, PWRRUN+ ni punje za TPU, na PWRRUN PB ni punje za PEBA. Majina yanakaribia kufanana, miguuni ni vitu vitatu tofauti kabisa. Kwa Adidas, Lightstrike na Lightstrike Pro zimeachana mbali. Hyper Burst ya Skechers ni EVA iliyoumuliwa kwa gesi, na Floatride ya Reebok ilianza kama PEBA.

Ukitaka kujua, usiishie kwenye maandishi ya ubavuni. Soma maelezo ya toleo lenyewe pamoja na namba yake, kwa sababu kampuni huweza kubadilisha malighafi kati ya toleo moja na jingine huku jina likibaki lilelile.

"Kurudisha nguvu" maana yake nini hasa?

Mguu ukitua, sponji inabonyea na kuhifadhi nguvu. Ukinyanyuka, sehemu ya nguvu hiyo inarudi kukusukuma, na iliyobaki inapotea kama joto. Sponji haitengenezi nguvu mpya. Tofauti ni kiasi inachopoteza.

Watafiti wa Chuo Kikuu cha Colorado, Marekani, walipima viatu vitatu kwa mashine. Kiatu cha mashindano chenye soli nyembamba ya EVA kilirudisha asilimia 65.5, cha Boost asilimia 75.9, na mfano wa awali wa Vaporfly asilimia 87. Watu wengi hunukuu asilimia hizo wakaishia hapo, nalo ni kosa. Jambo kubwa zaidi ni kwamba kile cha PEBA kilibonyea takriban mara mbili ya vingine. Sponji ngumu inayorudisha asilimia 90 ya kitu kidogo haikusaidii kama ile inayorudisha asilimia 87 ya kitu kikubwa. Kwa wakimbiaji waliopimwa, matumizi ya nguvu yalipungua kwa wastani wa asilimia 4, na ndiko lilikotoka jina la kiatu.

Uzito nao una sehemu yake. Kila gramu 100 zinazoongezwa kwenye kiatu kimoja hupandisha matumizi ya nguvu kwa karibu asilimia 1.

Kwa hiyo nikinunua cha PEBA nitakuwa na kasi kwa asilimia 4?

La. Kwanza, kupunguza matumizi ya nguvu kwa asilimia 4 hakupunguzi muda kwa asilimia hiyohiyo. Kadiri mwendo unavyokuwa mkali, ndivyo faida ya muda inavyokuwa ndogo kuliko faida ya nguvu. Pili, wastani huficha watu. Utafiti uliochapishwa 2023 uliwapima wanariadha saba wa Kenya wa kiwango cha dunia, wakilinganisha viatu vya kisasa na kiatu chembamba cha mashindano. Mmoja alipata faida ya asilimia 11.4. Mwingine alipata hasara ya asilimia 11.3. Hao ni watu wa mchezo mmoja, na baina yao pengo ni kubwa hivyo.

Jipime mwenyewe. Unahitaji barabara tambarare, saa yenye kipimo cha mapigo ya moyo, na jozi mbili. Pasha mwili dakika 15. Kimbia dakika 6 ukiwa na kiatu A, dakika 6 ukiwa na B, dakika 6 tena na B, kisha 6 na A, kwa mwendo uleule wa wastani, ukipumzika dakika 3 kila unapobadilisha. Linganisha wastani wa mapigo katika dakika 2 za mwisho za kila kipande. Mpangilio wa A-B-B-A una sababu yake: mapigo hupanda kadiri unavyochoka, na ukivaa A kwanza na B mwisho, kiatu B kitaonekana kibaya bila kosa lake. Rudia siku nyingine. Tofauti ya pigo moja au mawili siku moja haina maana.

Si bamba la kaboni ndilo linaloleta kasi?

Bamba hilo ni kipande chembamba, kigumu, cha nyuzi za kaboni, kilichofichwa ndani ya sponji. Kwamba ndilo linaloleta kasi ndivyo wengi wanavyoamini, na ndivyo matangazo yanavyovutia. Lakini watafiti walichukua Vaporfly, wakakata bamba lake sehemu ya mbele kwa mikato sita ili lisiweze kukaza soli, kisha wakawakimbiza watu. Matumizi ya nguvu yalibadilika kwa kiasi kidogo mno kiasi kwamba hakikuweza kutofautishwa na bahati. Sponji ndiyo iliyobeba sehemu kubwa ya faida.

Bamba lina kazi nyingine: hulitandaza shinikizo juu ya sponji laini, huzuia soli nene isijipinde ovyo, na huongoza mguu ubingirike mbele. Ndiyo maana bamba lililotiwa kwenye EVA ya kawaida hutoa kiatu kikavu, kigumu, kisicho na faida iliyotarajiwa. Viatu vya namna hiyo ni vingi kwenye maduka ya mtandaoni, kwa bei ya kuvutia.

Sponji huumuliwaje kwa nitrojeni?

Fikiria chupa ya soda. Gesi imeyeyuka ndani kwa shinikizo. Ukifungua kizibo, vijipovu vinatoka mara moja kila mahali. Kiwandani, nitrojeni au kaboni dioksidi hushindiliwa ndani ya plastiki kwa joto na shinikizo kubwa, kisha shinikizo linaachiwa. Vijipovu vinavyozaliwa ni vidogo na vinafanana ukubwa kuliko vile vya dawa ya kuumulia. Matokeo ni sponji nyepesi inayobonyea kwa usawa. Kumbuka kwamba njia hii ni ya uumuaji, si aina ya malighafi: EVA, PEBA na TPU zote zinaweza kupitishwa humo. "Imetiwa nitrojeni" peke yake hakukwambii umenunua nini.

Soli laini zaidi ni salama zaidi kwa magoti?

Jibu halinyooki. Jaribio moja la Luxembourg liliwapa wakimbiaji zaidi ya 800 viatu vilivyofanana kwa sura, baadhi soli ngumu na baadhi laini, bila wao kujua. Walioumia zaidi walikuwa wa soli ngumu. Lakini kinga ya soli laini ilionekana wazi kwa wakimbiaji wepesi. Kwa wazito tofauti haikuwa dhahiri, kinyume kabisa na ushauri wa madukani wa kumpa mtu mzito sponji laini kupita zote.

Ulaini una gharama. Soli nene na tepetepe humfanya mguu uyumbe, na misuli ya kifundo na ya ugoko hufanya kazi ya ziada kuusawazisha. Madaktari wa michezo pia wameripoti wakimbiaji waliopata nyufa za mifupa ya katikati ya wayo baada ya kuhamia viatu vya bamba la kaboni. Ukivianza, anza na kilomita 3 hadi 5 mara moja kwa wiki, kwa wiki tatu au nne.

Nina kilo 95. Nichague nini?

Tatizo lako kubwa ni sponji kubonyea hadi mwisho. Kila sponji ina kikomo. Ikishafika hapo hailainishi tena, unagonga kama umevaa ubao. PEBA laini iliyotengenezwa kwa mwanariadha wa kilo 58 inaweza kufikia kikomo chini yako kila hatua, na ikalala mapema.

Tafuta soli yenye kimo cha milimita 35 au zaidi kisiginoni, ugumu wa kati, na kitako kipana. TPU ya punje inafaa sana hapa. Zinafaa pia soli za matabaka mawili: laini juu, ngumu kidogo chini. Viwanda hupima ugumu wa sponji kwa kipimo cha Asker C, ambacho namba kubwa maana yake ni sponji ngumu zaidi. EVA ya mazoezi kwa kawaida huwa kati ya 45 na 55, na kwa uzito wako kaa upande wa juu wa hapo.

Ninakimbia kwenye barabara za vumbi na changarawe.

Geuza kiatu utazame chini kabla ya kutazama chochote kingine. Viatu vingi vyepesi huacha sponji wazi katikati na pembeni ili kupunguza gramu. Kwenye lami hakuna shida. Kwenye changarawe, kokoto zinakwaruza na kuchana sponji iliyo wazi, na PEBA na EVA laini huchanika upesi. Barabara nyekundu za Iten na Eldoret, ambako mabingwa hufanya mazoezi yao, zina mawe, mabonde ya magari na matope ya mvua. Soli ya milimita 40 iliyo laini humyumbisha mtu hapo kila anapokanyaga pembe ya jiwe.

Chagua EVA ya ugumu wa kati au TPU, kimo cha milimita 25 hadi 32, mpira umefunika angalau kisigino na mbele yote. Kiatu cha PEBA kibaki cha siku ya mashindano na mazoezi machache ya kasi kwenye lami.

Joto na baridi vinabadilisha kiatu?

EVA huathirika zaidi. Asubuhi ya nyuzi 8 huko milimani, kiatu cha EVA hukakamaa kwa kilomita mbili tatu za mwanzo mpaka kipate moto wa kubanwa. Mchana wa nyuzi 34 Dar es Salaam, Mombasa au Muscat, kiatu hichohicho kinalegea. PEBA na TPU hubadilika kidogo.

Hatari kubwa ni joto la kuhifadhia. Gari lililofungwa juani linaweza kupita nyuzi 60 ndani, na EVA kwa joto hilo husinyaa. Utakuta kiatu kimepungua nusu namba, soli imejikunja puani kama ngalawa, na gundi imeachia. Hakirudi tena.

Soli hudumu kilomita ngapi?

Kwa makadirio ya kawaida: EVA kilomita 500 hadi 800, TPU 700 hadi 1,000, PEBA ya mashindano 250 hadi 450. Uzito wako, barabara na namna unavyotua hubadilisha namba hizo sana. Kwa PEBA, soli huweza kuonekana nzima huku faida ya kasi imekwisha, kwa hiyo macho hayatoshi.

Kiatu kikiwa kipya, andika tarehe kwa kalamu ya wino mzito chini ya kitandiko, na upime kimo cha sponji kwa rula pande zote mbili za kisigino. Kisha kila kilomita 150:

1. Weka jozi juu ya meza, inama utazame kwa nyuma. Kisigino kinasimama wima au kimeegemea upande?
2. Tazama mikunjo ya ubavuni. Mistari myembamba hutokea hata wiki ya kwanza. Mistari mirefu isiyofunguka kiatu kikiwa hakina mtu ndani ni dalili ya sponji iliyolala.
3. Bonyeza kwa kidole gumba sekunde 5 chini ya kisigino, halafu mbele chini ya sehemu nene ya wayo iliyo nyuma ya vidole, halafu katikati ambako hukanyagwi sana. Katikati ni kielelezo chako cha sponji mpya. Tofauti ikiwa kubwa, soli imechoka.
4. Rudia kipimo cha rula. Upande mmoja ukiwa umeshuka milimita 2 zaidi ya mwingine, kiatu kinakupindisha mguu.

Maumivu mapya ya ugoko au goti yakija bila wewe kuongeza mazoezi, anza uchunguzi hapo hapo kwenye meza.

Nanunua mitumba. Nikague nini?

Mtumba mzuri upo, kwenye masoko kama Gikomba la Nairobi au Karume la Dar es Salaam, na kwa wakimbiaji wengi wa Afrika Mashariki ndio unaowezekana. Ila muuzaji ameusafisha ung'ae, na uchakavu wa sponji haufutiki wala hauonekani kwa mng'ao. Fungua ulimi usome lebo: mara nyingi ina tarehe ya kutengenezwa. Kiatu cha miaka minane kilichokaa kabatini ni kiatu kizee hata kama hakijakimbiwa.

Kunja sehemu ya mbele mara kumi. Ukisikia mlio wa kukatika, au punje na unga vikidondoka, hiyo ni PU iliyooza. Iache, itakuachia soli njiani. Pitisha ukucha kwenye mshono wa soli na kitambaa: gundi iliyoachia hufunguka hapo. Soli ya nje iliyolika kisigino hadi sponji kuonekana ina maana sponji yenyewe imeshatumika kupita kiasi. Fanya pia jaribio la kidole gumba la hapo juu.

Viatu vya bandia vya mashindano hufichuliwa na mizani ya jikoni. Vaporfly halisi ya namba 42.5 ina chini ya gramu 200 au karibu na hapo. Ya bandia hutengenezwa kwa EVA na mara nyingi huwa nzito waziwazi, na ukibonyeza kisigino hakizami.

Fundi anaweza kubadilisha soli ya kati?

Anaweza kubandika soli ya nje, kushona kitambaa na kurudishia gundi. Sponji iliyolala hairudi. Gundi kali ya fundi ina kiyeyushi kinachokula sponji laini, kwa hiyo mwombe apake nyembamba, asubiri ikauke hadi isinate kidoleni, ndipo abandike. Usipachike vipande vya kandambili kisiginoni. Vinainua kisigino na kubana kiatu bila kurudisha mnepo wowote.

Kuna sheria ya unene wa soli?

Ipo. Kwa kanuni za World Athletics, yaani shirikisho la riadha la dunia, kiatu cha mbio za barabarani hakizidi milimita 40 na kina bamba gumu moja tu. Uwanjani, tangu tarehe 1 Novemba 2024, kikomo ni milimita 20. Mwaka 2021 Derara Hurisa wa Ethiopia alimaliza wa kwanza katika marathoni ya Vienna, kisha akaondolewa kwa sababu soli zake zilikuwa na sentimita 5. Alikuwa amevaa kiatu cha mazoezi. Kama unawania nafasi au zawadi, angalia orodha ya viatu vilivyoidhinishwa kabla ya kusafiri.

Nikioshe na kukikausha vipi?

Toa kitandiko na kamba. Brashi laini, maji ya baridi au vuguvugu, sabuni kidogo. Usikiloweke kwenye beseni usiku kucha na usikitie kwenye mashine yenye maji moto. Jaza magazeti ndani, yabadilishe baada ya saa moja na tena baada ya saa nne, kisha kianike kivulini penye upepo, kikiwa kimelala ubavu. Kisiwekwe karibu na jiko wala juu ya bati. Kama kililowa kabisa kwenye mvua, kipe siku mbili kabla ya kukikimbilia tena.